YAH: HERUFI NENE

Kwenye steshenari moja ya Rau Madukani, binti anayenichapia barua anasimamisha vidole na kuniuliza swali ambalo bila shaka ameshawauliza wengi tangu asubuhi: "Baba, hii YAH niiboldi na kuipigia mstari?"

Namjibu aiboldi. Nani angethubutu kujibu vingine? Barua ya kuomba kibali cha kukata mti kihambani, kichwa chake kikiwa chembamba, itasomwa na nani?

Anaikoleza. Times New Roman, ukubwa wa 12, herufi kubwa tupu, nene, na mstari chini yake. Mikazo mitatu juu ya sentensi moja, na kila mkazo una umri wake na kwao.

Herufi kubwa na mstari kwenye vichwa vya barua ni mazoea ya juzi tu, tuliyoachiwa na tapureta. Mashine ile haikuwa na unene wa aina mbili. Kila kitufe kilibeba umbo dogo na umbo kubwa, basi. Karani aliyetaka neno lionekane aliliandika kwa herufi kubwa, au alirudi nyuma akapiga mstari chini yake, au aligonga herufi zilezile mara ya pili juu ya zile za kwanza mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Tapureta zimekwenda zao, mstari umebaki.

Unene wenyewe umetoka mbali zaidi, ingawa si wa kale kama tunavyodhani. Gutenberg alichapa Biblia yake mjini Mainz miaka ya 1450, na baada yake wachapaji walikaa zaidi ya miaka mia tatu bila herufi nene. Neno la kusisitizwa lililazwa kidogo upande, au liliandikwa kwa herufi kubwa. Ni mwanzoni mwa karne ya 19, kuta za London zilipojaa mabango ya bahati nasibu na ya michezo ya kuigiza, ndipo viwanda vya kusubu herufi za risasi vilipoanza kuzinenepesha. Zilikuwa herufi za kupigia kelele barabarani. Ukiziweka ndani ya kitabu zilimeza ukurasa mzima.

Aliyezifundisha adabu ni Robert Besley. Mwaka 1845, kiwanda chake cha Fann Street, London, kilitoa herufi zilizochongwa na fundi Benjamin Fox, zikaitwa Clarendon. Unene wake ni wa kiasi. Vijiguu vyake, vile vikanyagio mwishoni mwa kila mstari wa herufi, ni imara na vinaungana na nguzo kwa mkunjo laini. Zaidi ya yote ziliweza kukaa mstari mmoja na herufi za kawaida bila ugomvi, na kwa hiyo zilifaa sana kwenye kamusi: neno linasimama nene, maelezo yanafuata membamba. Aliyewahi kufungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 ameuona mpango huo, hata kama hakuwahi kujiuliza ulianza wapi.

Besley aliisajili Clarendon chini ya sheria ya Uingereza ya 1842 iliyolinda michoro ya mapambo. Ulinzi ulikuwa wa miaka 3 tu. Ulipokwisha, washindani wakainakili kana kwamba walilala mlangoni pake wakisubiri. Sidhani kama alilia sana; mwaka 1869 aliteuliwa kuwa Meya wa Jiji la London.

Sasa hii Times ya barua yangu. Mwaka 1929 Stanley Morison alilikosoa gazeti la The Times kwa uchapaji mbovu, nalo likamtwika kazi ya kuurekebisha. Aliyeshika kalamu ni Victor Lardent, mchoraji wa idara ya matangazo ya gazeti hilohilo. Herufi mpya zilionekana gazetini tarehe 3 Oktoba 1932. Morison alitaka sura ya vitabu vya karne ya 16, na kwa herufi za kawaida aliipata. Lakini karne ya 16 haikuwa na herufi nene za kuigwa! Ya unene ikabidi ifuate desturi ya karne ya 19.

Nilimwomba binti akuze d mbili kwenye skrini, akanitazama kama mtu anayepoteza muda wa foleni. Zilipotokea alikubali. Kwenye d nyembamba, kijiguu cha juu kimeinama kama jani la mgomba. Kwenye d nene kimelala bapa. Kwenye o nyembamba, sehemu zilizokonda zimeegemea upande. Kwenye o nene ziko juu kabisa na chini kabisa. Watoto wa baba mmoja, mama mbalimbali, na ofisi zote zinawaita pacha.

Microsoft ilipoleta Word ya 2007 iliiondoa Times mbele na kumkalisha Calibri, asiye na vijiguu. Binti hana habari naye. Kwake barua ya kupeleka ofisini ni Times, kama vile shati la kupeleka kanisani ni jeupe.

"Imetoka," ananiambia. Wino wa mashine ulikuwa unaishia. Mwili wa barua umekuwa kijivu, kama ulioandikwa kwa jivu la mekoni, na jina langu halisomeki vizuri. YAH peke yake imetoka nyeusi ti.

"Nirudie, baba?"

"Acha tu, mwanangu. Shilingi ngapi?"