Kitabu cha Kiada na Vita vya Mageuko Nchini Marekani

Kesi ya Dayton, Tennessee, ya Julai 1925 husimuliwa kama pambano la mafahali wawili, mawakili Clarence Darrow na William Jennings Bryan. Simulizi ni tamu, lakini humsahau shahidi mkuu, yaani kitabu. Mwalimu John Scopes alishtakiwa kwa kuvunja Sheria ya Butler, iliyokataza kufundisha katika shule za serikali kwamba binadamu ametokana na wanyama. Kumbe kitabu cha baiolojia alichotumia, cha George William Hunter, kilikuwa kimeidhinishwa na jimbo lenyewe. (Msomaji Mwafrika hana sababu ya kukililia: kilipanga jamii za watu kwa ngazi na kuwaweka weupe kileleni.) Scopes alitozwa faini ya dola 100, nayo ikatenguliwa mwaka 1927 kwa sababu ilipangwa na jaji peke yake. Sheria ikabaki. Wachapishaji, wakiogopa kupoteza soko la Kusini, walijikagua wenyewe, na toleo jipya la Hunter la 1926 likaondoa hata neno mageuko. Kwa zaidi ya miaka thelathini mada hiyo ilififia vitabuni, hata katika majimbo ambayo hayakuwa na sheria ya kuikataza.

Kilichoirudisha hakikuwa hukumu ya mahakama. Warusi waliporusha setilaiti ya Sputnik mwaka 1957, Washington ilishtuka ikamwaga fedha katika elimu ya sayansi, na wanabaiolojia wakaandika vitabu vipya vilivyotoka mwaka 1963, mageuko yakiwa uti wa mgongo wake. Mwaka 1965 shule za Little Rock, Arkansas, zilichagua kitabu kipya chenye sura ya Darwin, ilhali sheria ya jimbo ya 1928 ilikataza kukitumia. Mwalimu Susan Epperson akajikuta anatakiwa kufundisha kitabu ambacho kingemfukuzisha kazi. Alishtaki, na mwaka 1968 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaibatilisha sheria hiyo. Kitabu kilitangulia, majaji wakafuata.

Yupo atakayesema kwamba bila mahakama, mabunge ya majimbo yangefanya yatakavyo, na hoja hiyo ina uzito. Mwaka 1987 ni majaji walioifuta sheria ya Louisiana iliyodai mageuko yasifundishwe bila "sayansi ya uumbaji" kando yake. Lakini tazama kilichofuata. Waandaaji wa kitabu kiitwacho Of Pandas and People walipitia rasimu yao, wakaondoa maneno ya uumbaji na kuweka "usanifu wenye akili" mahali pake, kisha wakakichapisha mwaka 1989. Ni kitabu hichohicho ambacho bodi ya shule za Dover, Pennsylvania, iliwaelekeza wanafunzi kukisoma. Bodi iliposhtakiwa na rasimu hizo kuletwa mahakamani mwaka 2005, mabadiliko yale ya maneno yakawa miongoni mwa ushahidi mzito zaidi, na Jaji John E. Jones akaamua kwamba usanifu wenye akili ulikuwa dini, si sayansi.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la mwalimu, kwani kitabu hakijifundishi. Utafiti wa Michael Berkman na Eric Plutzer, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta takriban asilimia 60 ya walimu wa baiolojia wa sekondari za umma wakiikwepa mada ya mageuko au kuigusia kijuujuu, bila kusimama upande wowote. Hukumu ya Dover haikuwagusa hao, wala kitabu kizuri peke yake hakitawagusa.