Simulizi iliyovuka bahari na kurudi Handeni

Katikati ya miaka ya 1830 njaa kali iliipiga Uzigua, nchi ambayo leo imegawanyika kati ya wilaya za Handeni, Kilindi, Korogwe na Pangani. Watu waliteremka pwani kutafuta chakula. Wapo waliojiweka rehani wao na watoto wao; wapo walioahidiwa kazi ng'ambo na kuambiwa watarudishwa. Majahazi yakawapeleka Barawa, Merka na Mogadishu, katika Somalia ya leo, wakauzwa kulima mashamba ya bonde la Mto Shebelle.

Habari za waliouzwa mara nyingi hukatika hapo. Za Wazigua hazikukatika, kwa sababu wenyewe waliendelea kuzisimulia.

Wazee wao husimulia kwamba mwanamke mmoja mwenye uwezo wa kutabiri, Wanankhucha, aliwaongoza kutoroka. Nia yao ilikuwa kurudi kwao kwa miguu. Walipofika Mto Juba ardhi ikatetemeka, naye akasema hiyo ni ishara: wabaki hapo. Wakafyeka msitu wa Gosha, uliojaa mbung'o kiasi kwamba wafugaji waliogopa kuingiza ng'ombe. Humo wakalima mahindi, wakazaa, wakawazika wazee wao, na Kizigua kikadumu vinywani mwao.

Mwaka 1953 Mwitaliano Vinigi Grottanelli alichapisha makala kuhusu masimulizi hayo. Miaka ya 1980 mwenzake Francesca Declich alikaa kando ya Juba akiwasikiliza, na akaona kwamba wanawake na wanaume hawaisimulii historia hiyo kwa namna moja. Kwangu hilo ni jambo kubwa. Ukoo wa upande wa mama na mviko, yaani matambiko ya ukoo, vilibeba kumbukumbu ambazo mwandishi anayewahoji wazee wa kiume peke yao angezikosa.

Uzigua ina simulizi nyingine ya safari, nayo huunganisha watu wa lugha tofauti. Mbegha, mwindaji aliyetoka milima ya Nguu, alipita Uzigua, akavuka Mto Pangani na kupanda Usambara, ambako uzao wake, Wakilindi, ulitawala. Abdallah bin Hemedi aliiandika habari hiyo kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi. Wanguu, Wazigua na Wasambaa kila mmoja ana sehemu yake humo, na Korogwe iko katikati ya njia hiyo.

Tukirudi kwa Wazigua wa Juba: mwaka 1991 serikali ya Siad Barre nchini Somalia ilianguka na vita vikaingia Gosha. Wengi walikimbilia kambi za Dadaab, Kenya. Wachache walipanda mashua wakafika Tanga, wakapelekwa kambi ya Mkuyu, Handeni, na baadaye makazi ya Chogo, katika wilaya hiyohiyo. Serikali ya Tanzania haikuwachukulia kama wageni tu, kwa kuwa wao wenyewe walieleza mababu zao walitoka wapi. Hawakuwa na hati. Walikuwa na Kizigua ambacho wenyeji waliweza kukisikia na kukijibu, majina ya koo, na simulizi ya njaa na jahazi. Miaka ya 2000 ilianza kuwapa uraia.

Kuanzia 2003 Marekani nayo ilipokea Wabantu wa Somalia wapatao 12,000, wakiwamo wenye asili ya Wayao na Wamakua pamoja na Wazigua. Wajukuu wa Wanankhucha sasa wanasoma shule ambako ni wachache tu wa kukijibu Kizigua chao. Wazee waliozaliwa Gosha wanapungua, huko na hapa Chogo.

Kwa hiyo kazi ya kuwarekodi haifai kungoja wafadhili. Walimu wa Handeni na Korogwe wanaweza kuwatuma wanafunzi wao Chogo na simu, wakae na bibi, wamwache asimulie kwa Kizigua mpaka amalize. Ningependa mtoto wa darasa la tano Handeni amjue Wanankhucha kama anavyomjua Kinjeketile wa Vita vya Majimaji.