Baraza Mbele ya Televisheni

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, na kwa muda mrefu ilikuwa chombo cha wachache wa mijini. Mwaka 1964 serikali iliitwaa idhaa, ikaiita Sauti ya Kenya. Mpaka mwaka 1990, ulipofunguliwa Kenya Television Network, nchi nzima ilitazama kwa dirisha moja. Aliyewasha chombo chake aliona kile kile alichokiona jirani, saa ile ile. Hakuwa na hiari ila kutazama au kuzima.

Wanaozikumbuka zama hizo huzisifu kwa staha yake. Husema kwamba baba, mama, mkwe na mtoto waliweza kuketi chumba kimoja pasipo mmoja wao kuinamisha uso kwa haya. Sifa hiyo ni ya haki, lakini sehemu yake yafaa upewe uhaba. Kijijini chombo kimoja kilihudumia majirani wengi. Palipokosekana umeme palitumika betri ya gari, ambayo ilipelekwa sokoni kwa baiskeli ikachajiwe. Nje kijana aliushika mlingoti wa antena akauzungusha, na waliomo ndani wakampigia kelele kwamba picha imekuja, imepotea, imekuja tena. Watoto wa jirani waliketi sakafuni, na mwenye miguu ya matope alirudishwa akanawe kwanza. Kumfungia mlango jirani saa ya mchezo kulikuwa kama kumnyima maji ya kunywa.

Sehemu nyingine ni ya serikali. Idhaa iliyolinda masikio ya mkwe ndiyo iliyolinda masikio ya wakubwa pia. Lililowachukiza halikusemwa, na taarifa ya habari ilitanguliza ziara na hotuba za Rais, hata siku ambayo watu walikuwa na mambo mazito zaidi ya kuuliza. Wasifuo usafi wa zama zile aghalabu huusahau ukimya huo.

Lakini kuna kilichosalia, ambacho hakikutokana na uhaba wala amri, nacho ni kicheko. Vioja Mahakamani iliwapandisha kizimbani walaghai na wakorofi wa kila namna. Katika Vitimbi, Mzee Ojwang alivutana na mkewe, Mama Kayai, na nyumba nyingi zilijitambua humo. Ojwang alisema Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kijaluo, na watazamaji wengi walimdhani Mjaluo. Kumbe alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu kwa kuzaliwa. Katika nchi ambayo jina la mtu mara nyingi hutangulia kumhukumu, na ambayo baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ilishuhudia watu zaidi ya 1,000 wakiuawa, jambo hilo lastahili kutazamwa mara mbili. Mtu wa kabila moja aliuvaa ulimi wa kabila jingine miaka na miaka, na wenye ulimi wao wakacheka, wakampenda, wakamhesabu wao. Hotuba za umoja zilizosomwa katika idhaa hiyo hiyo zilikuwa nyingi. Yamkini hakuna iliyofika mbali kama mzaha wake.

Mwaka 2013 ilisikika kwamba macho ya mzee huyo yanaugua, na Wakenya wakachanga fedha ili atibiwe. Wengi wao hawakuwahi kumwona ila katika kioo, lakini walimchangia kama achangiwavyo mjomba.

Alifariki Julai 2015. Mwaka huo huo mitambo ya analojia ilizimwa, na televisheni za zamani zisizo na king'amuzi zikaonyesha chenga tupu. Stesheni zilikwisha kuwa nyingi, na simu zilikwisha kuingia mikononi. Baba akacheka sebuleni, mtoto akacheka chumbani, wala hakuna aliyemwuliza mwenzake anacheka nini. Katika nyumba kadhaa kabati la televisheni, lile lililokuwa likifungwa kwa ufunguo, bado liko pembeni, limefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na juu yake zimepangwa picha za harusi.