Hadithi za Kutisha za Mara na Kanuni Tulizorithishwa za Sinema

Anayetaka kuigeuza hadithi fupi ya kutisha iwe filamu fupi yenye mtindo wake, awe Musoma, Bunda au Butiama, hakawii kupewa ushauri wa aina moja: simulia moja kwa moja, usimchanganye mtazamaji, mhalifu aonekane uso, na mwisho funzo litajwe kinagaubaga. Ushauri huo hutolewa kwa jina la wazee, kana kwamba ndivyo hadithi zilivyosimuliwa tangu zamani kando ya ziwa na kwenye nyika zinazopakana na Serengeti. Naona historia inasema vingine. Unyoofu tunaoudai katika filamu ulitungiwa kanuni na maofisa wa sinema wa kikoloni, ukachukuliwa na filamu za maendeleo baada ya Uhuru, na sasa umezoeleka hata unaonekana kuwa mila. Masimulizi ya Mara yenyewe yalikuwa na ufundi wa kufupisha, kurudia na kuficha, na ufundi huo unakaribiana sana na ule unaohitajiwa na filamu fupi.

Tuanze na maofisa hao. Mwaka 1935 ulianzishwa mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara. Fedha zilitoka Carnegie Corporation ya Marekani, na wasimamizi wakuu walikuwa L. A. Notcutt na Geoffrey Latham. Kufikia 1937 walikuwa wametengeneza filamu zaidi ya 30 za milimita 16, zikihusu safura, kodi, benki ya posta, mmomonyoko wa udongo na mengineyo, waigizaji wakiwa Waafrika. Sauti ilitoka kwenye santuri iliyochezwa sambamba na picha, hivyo filamu ileile iliweza kusemeshwa lugha mbalimbali. Mwaka 1939 Uingereza ikaunda Colonial Film Unit chini ya William Sellers, aliyekuwa ametengeneza filamu za afya Nigeria. Sellers aliandika na kuhubiri kanuni zake kwa miaka mingi: mwendo uwe wa taratibu, tukio lifuatane na tukio bila kurukwa, kamera isikimbie huku na huku, kitu kisikuzwe ghafla, hila zote za kiufundi ziachwe. Hoja yake ilikuwa kwamba Mwafrika asiyesoma hana uwezo wa kuunganisha picha mbili zilizokatwa. Kisa kilichopendwa kusimuliwa ni cha wanakijiji walioonyeshwa mdudu aliyekuzwa akajaza kitambaa chote, wakajibu kwamba kwao hakuna wadudu wakubwa hivyo, kwa hiyo hawana cha kuogopa. Kisa hicho kilifanywa ushahidi wa akili ya bara zima.

Kanuni hizo hazikuondoka na bendera ya Mwingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Afrika Kusini ilitengeneza Tanganyika filamu za hadithi kwa Kiswahili, na mwigizaji wake mashuhuri alikuwa Rashidi Kawawa, ofisa wa ustawi wa jamii aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Katika Muhogo Mchungu alicheza mtu wa shamba anayeingia mjini bila kujua hila zake. Filamu hizo zilipendwa, na Kawawa alikuwa na kipaji cha kweli, lakini umbo la filamu hizo lilibaki lile la somo. Shirika la Filamu Tanzania lilipoanzishwa mwaka 1968, kazi iliyosubiri ilikuwa kubwa na ya haraka: kueleza Azimio la Arusha, elimu ya watu wazima, vijiji vya ujamaa. Filamu ya Fimbo ya Mnyonge ya mwaka 1974 ni mtoto halali wa kipindi hicho. Silaumu nia yake, kwani nchi changa ilikuwa na haki ya kutumia kamera kufundishia. Ninachosikitikia ni kwamba siasa ilibadilishwa kutoka mizizini huku sarufi ya picha ikiachwa ilivyokuwa, na kwa sarufi hiyo hadithi ya kutisha haina pa kukaa, maana hofu huishi katika kile ambacho mtazamaji hajaonyeshwa.

Dhana ya Sellers ilikuwa imeshakanushwa na watazamaji wenyewe tangu siku zile. Awara ya Raj Kapoor ilitoka India mwaka 1951 na ikapendwa mno katika majumba ya sinema ya Dar es Salaam na Zanzibar. Katikati yake mna ndoto ya dakika kama tisa: moshi unaofunika sakafu, ngazi zinazopanda kusikojulikana, masanamu makubwa, moto, na kijana anayelia kutaka kutoka motoni. Hakuna picha katika sinema ya wakati ule iliyokuwa mbali zaidi na kanuni za Colonial Film Unit. Wengi wa waliojaza viti hawakujua Kihindi, nao walilia panapostahili, wakazishika nyimbo, wakarudi kuiona tena. Miongo kadhaa baadaye, vibanda vya video vikapata wafasiri wao, kina Lufufu wa Dar es Salaam, waliozungumza juu ya filamu za kigeni kwa Kiswahili, wakiongeza utani, maonyo na majina ya mitaa ya hapa. Mtazamaji alifuata mambo mawili kwa pamoja, filamu na msimulizi wake, na hakupotea. Watu wanaoweza kufanya hivyo hawahitaji kutafuniwa.

Uwezo huo si mgeni Mara. Simulizi la asili ya utemi wa Waikizu, ambao nchi yao iko wilayani Bunda, lina watu wawili: mwindaji Samongo, mwenye moto, na Nyakinywa, mwanamke aliyetoka Kanadi upande wa Usukuma, mwenye mvua. Wanashindana, mvua inaushinda moto, na utawala unakwenda kwa mwanamke. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyekusanya masimulizi ya Mara ya kusini katika miaka ya 1990, ameonyesha jinsi mkutano wa mwindaji na mwanamke unavyojirudia katika hadithi za asili za makabila jirani pia, kila moja likiwa na majina yake. Tazama namna simulizi la Waikizu lilivyotungwa. Mabadiliko ya kisiasa ambayo huenda yalichukua vizazi, yenye uhamiaji, ndoa na migogoro ya ardhi, yamekusanywa katika tendo moja linaloonekana kwa macho: maji juu ya makaa. Msimulizi hamwelezi msikilizaji kwamba wageni walichukua madaraka kwa sababu ya elimu ya mvua. Anaiweka picha, kisha ananyamaza.

Hadithi za kutisha zenyewe zilikwenda mbali zaidi. Ichukue ile iliyoenea katika jamii nyingi za Kibantu, yenye sura nyingi: binti anauawa na wenzake kwa wivu, anafukiwa, kisha ndege au mmea juu ya kaburi unaanza kuimba. Mauaji husemwa kwa sentensi moja tu. Kinachopewa muda ni wimbo. Anapita mpita njia wa kwanza, wimbo unaimbwa wote. Anapita wa pili, unaimbwa tena. Anafika mama, unaimbwa mara ya tatu bila neno kubadilika, na wasikilizaji wanaouitikia tayari wanajua anachokwenda kukisikia mama huyo. Hofu haiko katika damu, iko katika kujua mapema. Mhariri wa filamu akiulizwa afanye nini na hadithi ya kurasa nne ili iwe filamu ya dakika kumi, jibu zuri lingekuwa hilohilo: fupisha tendo, refusha mwangwi wake, mfanye mtazamaji aujue wimbo kabla ya mhusika.

Upo ushahidi mwingine wa Mara, nao uko katika maandishi. Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akiwa Rais. Kiongozi wa dola changa alichagua mchezo unaohusu kuuawa kwa mtawala, na hakuulainisha. Alichofanya kwa umbo ni muhimu zaidi kwa hoja hii. Wakati ambapo ushairi wa Kiswahili ulihesabiwa kwa vina na mizani, yeye aliacha mistari ya mchezo bila vina, wahusika waseme kwa mwendo mzito usiopambwa kwa mlio wa mwisho. Haikuwa kwa kushindwa kutunga vina. Mwaka 1996, akiwa amestaafu na kurudi Butiama, zilichapishwa tenzi zake za Injili na Matendo ya Mitume, zenye vina kutoka mwanzo hadi mwisho. Hadithi mbili za mauaji, Kaisari barazani na Yesu msalabani, mtu yuleyule alizipa maumbo mawili tofauti, kila moja kwa sababu yake. Tena ile ya kwanza aliirudia, akatoa toleo lililosahihishwa mwaka 1969. Atasema mtu kwamba hiyo ni tafsiri ya tamthilia, haihusu kamera. Ni kweli, lakini swali linalomkabili mtengeneza filamu ni lilelile lililomkabili mfasiri: matukio yapo tayari, je, yatavaa umbo gani? Atakayejibu kwamba umbo ni pambo la kuongezwa mwishoni atakuwa amekwenda kinyume na kazi ya Mbutiama maarufu kuliko wote.

Pingamizi la kwanza lenye uzito ni kwamba wazee nao walifundisha, hivyo filamu ya funzo ndiyo mrithi wao. Sikatai kwamba walifundisha. Ila walifundisha mbele ya watu waliowajua kwa majina, wakiuliza, wakijibiwa, wakirudia usiku mwingine kwa mkazo tofauti, na sehemu kubwa ya funzo ilizaliwa katika mazungumzo baada ya hadithi. Filamu inayojieleza yenyewe hadi mwisho inayaziba mazungumzo hayo. Arusi ya Mariamu, filamu fupi ya mwaka 1985 ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ilionyesha njia nyingine: mwanamke anaumwa, hospitali haijamponya, naye anaogopa waganga kwa sababu ya jambo la utotoni, na kumbukumbu hiyo inaachwa iingie vipande vipande. Hakuna anayesimama kutoa hotuba.

Pingamizi la pili ni zito kweli. Kanda ya Ziwa si mahali pa kuchezea giza. Vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao. Anayepamba mambo hayo kwa vivuli na ngoma anaweza kuyafanya yavutie, au kuipa nguvu imani iliyoua. White Shadow ya Noaz Deshe, iliyotoka mwaka 2013 na kumfuata kijana mwenye ualbino anayewindwa, ilionyesha ukatili huo kwa kamera isiyotulia na uhariri uliovunjikavunjika. Naona ilifanikiwa pale ilipotuweka ndani ya hofu ya kijana, ikayumba kila ilipotaka tuone jeraha. Kwa hiyo mtindo si tishio kwa heshima ya waathirika. Mara nyingi ndio ulinzi wao, kwani unamruhusu msimulizi kuonyesha mlango, sauti na mikono, bila kuufanya mwili wa mtu kuwa maonyesho. Filamu nyoofu, inayodai kuona kila kitu, ndiyo inayoishia kwenye panga.

Mara ina hadithi inayosubiri kutendewa hivyo. Sotoka ilipoua ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, na njaa, magonjwa na mashambulizi ya Wamasai yakaandamana nayo, familia za Mara ya kusini ziliwatoa watoto kwa nafaka huko Usukuma ili waliobaki waishi. Masimulizi hayo yapo na yamechapishwa. Filamu ya dakika kumi na mbili isingehitaji jeshi wala mizoga: njia, mtoto, kapu linalokwenda tupu na kurudi limejaa, tena na tena kama ule wimbo wa kaburini, na kila safari anayelibeba kapu ni mtu yuleyule huku anayetembea naye akiwa mwingine. Gharama yake ni ndogo, na mawe makubwa ya Musoma yapo tayari. Kazi kubwa iko kwa watu. Uzao wa watoto wale ungalipo pande zote mbili za mpaka wa Mara na Usukuma, na familia zilizolelewa na simulizi hilo ndizo za kuketi nazo kwanza, muswada ukiwa bado karatasi, ziseme lipi lionekane na lipi libaki nje ya picha.