Wenyeji wa Kanada wawapa vijana jukumu la kulea wadogo kiafya

KISUKARI aina ya pili kilihesabiwa zamani kuwa maradhi ya watu wazima. Hata hivyo, katika miaka ya 1980 madaktari wa mkoa wa Manitoba nchini Kanada walianza kukigundua miongoni mwa watoto na vijana wa jamii za wenyeji asilia.

Mtoto anayeugua mapema huishi na ugonjwa huo miaka mingi zaidi, na figo zake zaweza kuharibika akiwa angali kijana.

Garden Hill, kijiji cha jamii ya Oji-Cree, ni miongoni mwa vilivyoathirika. Kiko kando ya ziwa la Island Lake, kaskazini-mashariki mwa jiji la Winnipeg, na hakina barabara ya kudumu. Bidhaa nyingi hufika kwa ndege, au kwa malori yanayopita juu ya barafu msimu wa baridi kali.

Si ajabu basi kwamba mboga na matunda ni ghali mno huko. Isitoshe, kwa miaka mingi nyumba nyingi za eneo hilo hazikuwa na maji ya mfereji.

Mnamo 1999 watafiti walitangaza kwamba baadhi ya Oji-Cree wana badiliko katika jeni iitwayo HNF1A, ambalo huongeza hatari ya kuugua. Lakini jeni haigeuki katika kizazi kimoja. Kilichogeuka kwa kasi ni maisha yenyewe: uwindaji na uvuvi vilififia, vyakula vya dukani vikashika nafasi.

Kuna jeraha jingine, ambalo halionekani katika vipimo vya damu. Kwa zaidi ya karne moja serikali na makanisa ya Kanada yaliwachukua watoto wa wenyeji, zaidi ya 150,000 kwa jumla, na kuwapeleka katika shule za bweni. Humo walikatazwa lugha zao, na mara nyingi ndugu walitenganishwa. Shule za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990. Waliorejea nyumbani walikuwa wamenyimwa fursa ya kujifunza malezi kwa wakubwa wao.

Mpango ulioanzishwa Garden Hill kwa ushirikiano na watafiti wa Chuo Kikuu cha Manitoba unagusa kidonda hicho hasa. Wanafunzi wa sekondari ndio walezi. Wanaolelewa ni watoto wa darasa la nne. Baada ya masomo hukutana, wakala vitafunio vyenye lishe, wakacheza michezo ya kutoa jasho, kisha wakashiriki shughuli za kujenga urafiki. Hakuna daktari wa kuwahutubia kuhusu sukari, na hilo ni jambo la busara, kwani mtoto wa miaka tisa humwiga kijana wa kumi na sita kuliko anavyomsikiliza mtaalamu mgeni.

Msingi wake umetokana na mafunzo ya Martin Brokenleg, msomi wa jamii ya Lakota nchini Marekani, ambaye pamoja na wenzake alieleza mnamo 1990 mahitaji manne ya mtoto: kujiona ana kwao, kuwa na umahiri, kujitegemea na kuwa mkarimu. Hilo la nne ndilo linalomfaidi mlezi mwenyewe. Kijana aliyezoea kuitwa tatizo hujikuta akitegemewa.

Matokeo ya majaribio ya miezi mitano yalichapishwa katika jarida la Pediatrics mwaka 2014. Ikilinganishwa na wenzao wasioshiriki, viuno vya watoto hao havikuongezeka sana, na walivifahamu zaidi vyakula vinavyofaa. Hicho kilikuwa kijiji kimoja tu, na washiriki hawakuchaguliwa kwa kura, hivyo haifai kudai kuwa ugonjwa umezuiwa.

Hata hivyo, jamii nyingine za wenyeji katika mikoa kadhaa zimeuchukua mpango huo, kila moja ikiugeuza kwa lugha, michezo na vyakula vyake. Bei ya mboga Garden Hill, bila shaka, iko nje ya uwezo wa walezi hao wa sekondari.