Wakristo walipobisha hodi kwa Wayahudi

Mwalimu wa Jerome alikuwa akija usiku. Padri huyo msomi alihamia Bethlehemu mwaka 386, akiwa na jina kubwa tangu alipokuwa Roma, na huko akamlipa Myahudi aitwaye Baraninas amfundishe maandiko ya Kiebrania. Baraninas alichagua giza kwa kuwaogopa Wayahudi wenzake. Jerome naye alikuwa na wa kumsema: Rufinus, rafiki wa zamani aliyegeuka hasimu, alimdhihaki kwa maandishi, akaligeuza jina la mwalimu huyo kuwa Baraba, yule mhalifu aliyefunguliwa badala ya Yesu.

Kanisa limevishika vitabu vya Israeli tangu mwanzo na kuviita vyake. Lakini kila lilipotaka kujua vilisema nini kwa watu wa zama vilipoandikwa, lilirudi kwa wenyewe kuuliza. Wengi waliouliza hawakupenda ijulikane, na waliojibu mara nyingi walilipwa mabaya.

Hata kuvishika kulizua ubishi. Yapata mwaka 140 alifika Roma tajiri mmoja, Marcion, mwenyeji wa pwani ya Bahari Nyeusi, akalitolea kanisa la huko zawadi ya sestasi 200,000. Alisoma habari za vita vya Yoshua na hasira ya Mungu kama zilivyoandikwa, bila kuzigeuza mafumbo, akahitimisha kwamba Mungu huyo si yule aliyehubiriwa na Yesu. Akatupa maandiko yote ya Kiebrania, akabaki na Injili ya Luka aliyoipunguza pamoja na nyaraka kumi za Paulo. Mwaka 144 alifukuzwa, akarudishiwa fedha zake.

Alifukuzwa Marcion, lakini swali lake likabaki: Mkristo azisomeje habari za Wakanaani waliouawa katika vita hivyo?

Jibu lililotawala kwa karne nyingi lilitoka Afrika, kwa Origen wa Aleksandria. Alipohubiri juu ya Yoshua, wafalme walioangamizwa waligeuka kuwa dhambi zinazotawala moyo wa mtu, na kamba nyekundu ya Rahabu dirishani ikawa damu ya Kristo, kama walivyokwisha kusema waliomtangulia. Aliuliza pia: siku tatu za kwanza za uumbaji zilipataje jioni na asubuhi, na jua lilikuwa halijaumbwa? Kwake, vikwazo vya namna hiyo viliwekwa makusudi ili msomaji achimbe zaidi. Njia hiyo iliwaokoa wengi na mkwamo, ila hatari yake ni dhahiri, kwa kuwa msomaji hodari anaweza kuchimbua chochote anachotaka.

Hata hivyo, ni kumwonea Origen kumwita mtu wa mafumbo tu. Tajiri aliyemfadhili, Ambrose, alimwekea waandishi wa mkato zaidi ya saba waliopokezana alipokuwa akiwatamkia ya kuandika, wanakili wasiopungua hao, na wasichana waliofunzwa mwandiko mzuri. Akatengeneza Heksapla, kazi kubwa mno ya safu sita: Kiebrania, Kiebrania kilichoandikwa kwa herufi za Kigiriki, kisha tafsiri nne za Kigiriki zikiwa sambamba. Alipohamia Kaisaria ya Palestina aliwauliza marabi, na katika mahubiri yake anakiri mara kwa mara kwamba jambo fulani amelipata kwa Myahudi.

Antiokia walikwenda njia nyingine. Theodore, askofu wa Mopsuestia, alizisoma Zaburi kama maneno ya Daudi na ya historia ya Israeli, akakubali nne tu kuwa zinamhusu Kristo moja kwa moja. Mwaka 553, zaidi ya karne moja baada ya kufa kwake, mtaguso wa Konstantinopoli ulimhukumu, na jina la Origen likatajwa humo humo miongoni mwa wazushi. Wakubwa wa pande zote mbili walilaaniwa wakiwa kaburini.

Mlango ulifunguliwa tena Paris katika karne ya 12. Huko Troyes, mashariki ya Paris, alikuwa ameishi Rashi, rabi aliyefariki mwaka 1105 baada ya kueleza Torati aya kwa aya, akitafuta maana iliyo wazi. Kanoni mmoja wa abasia ya Mtakatifu Victor, Andrew, aliwafuata Wayahudi walioshika njia hiyo. Alipofika Isaya sura ya 7, kwenye habari za mtoto Imanueli, alieleza jinsi Wayahudi walivyoisoma: ishara kwa mfalme Ahazi, ambaye maadui walikuwa wamemkaribia. Richard, ndugu yake wa abasia ile ile, alishtuka kiasi cha kuandika kitabu kizima kumpinga. Andrew hakuukana ubikira wa Mariamu. Alitaka kujua nabii aliwaambia nini waliosimama mbele yake. Huo ni uaminifu wa kielimu, na ulihitaji ujasiri.

Katika mji huo huo wa Paris, mwaka 1240, Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, ilishtakiwa, na mwaka 1242 nakala zake zikachomwa hadharani, mikokoteni kwa mikokoteni. Mwaka 1306 mfalme Philip wa Nne akawafukuza Wayahudi Ufaransa. Ndipo Mfransisko Nicholas wa Lyra alipoandika, kati ya 1322 na 1331, ufafanuzi wake mkubwa wa Biblia, akimnukuu Rashi kila mara. Majirani walikuwa wamefukuzwa, elimu yao ikabaki mezani. Kazi hiyo ilichapwa Roma kuanzia 1471, na Luther aliitumia sana. Luther huyo huyo, mwaka 1543, alitaka masinagogi yachomwe.

Dai la Marcion lilirudi Berlin tarehe 13 Novemba 1933, mbele ya umati wa watu 20,000, Reinhold Krause, kiongozi wa Wakristo waliounga mkono Unazi, alipotaka kanisa la Ujerumani liachane na Agano la Kale. Baada ya Wanazi kuchoma masinagogi Novemba 1938, mchungaji Dietrich Bonhoeffer aliandika "9.11.38" pembeni mwa Zaburi ya 74, kwenye aya inayolalamikia kuchomwa kwa nyumba za Mungu. Hakuhitaji fumbo lolote: Zaburi ilikuwa ya Wayahudi, na waliokuwa wakichomewa walikuwa Wayahudi. Mwaka 1940 alichapisha kijitabu juu ya Zaburi. Mwaka uliofuata serikali ikampiga marufuku kuchapisha.

Kanisa Katoliki lilibadili msimamo wake rasmi juu ya Wayahudi kwa tamko la Nostra Aetate, Oktoba 1965. Mwaka 2001 Tume ya Kipapa ya Biblia ilitoa hati ndefu, yenye dibaji ya Kardinali Joseph Ratzinger, ikikiri kwamba namna Wayahudi wanavyosoma maandiko yao inawezekana na ina mizizi humo humo, na kwamba Wakristo wana mengi ya kujifunza kutoka kwa ufafanuzi wa Kiyahudi wa zaidi ya miaka 2,000.