Reli ya Salaita
Msomaji, ukisafiri kutoka Voi kwenda Taveta utakiona kilima kidogo cha Salaita, nawe huenda usikitazame mara ya pili. Wadachi, ndio Wajerumani, waliiteka Taveta Agosti 1914. Mwaka 1915 Waingereza wakaanza kujenga reli kutoka Voi, kwani nyika ile ni kavu, na jeshi lisilo na maji haliendi. Tarehe 12 Februari 1916 mizinga yao ilipiga kilele cha Salaita. Kumbe mahandaki ya adui yalikuwa chini! Askari wa Afrika Kusini wakarudi mbio, wakaokolewa na Wabaluchi wa jeshi la Uhindi, watu waliokuwa wakiwadharau. Machi, Smuts alipozunguka kwa kaskazini, Wadachi walikihama kilima, na reli ikapita kuelekea Kahe.